Maamkizi ya Mwanashumu

Anayepanda Kilima cha Kidoto na kuitazama nchi ya Tamalaki kutoka juu huona mraba mweusi, kisha mweupe, kisha mweusi tena, mpaka macho yamchoke, kwa sababu nchi hiyo ina ardhi ya namna mbili tu: udongo mweusi, mnono, unaoshika mvua na kuwarudishia watu miwa, mahindi na ndizi, na ardhi nyeupe ya chumvi isiyoota kitu ila magugu machungu ambayo hata mbuzi huyanusa tu na kwenda zake. Miraba myeusi yote ilikuwa mali ya ukoo wa Shaha. Usiniulize waliipataje. Wenyewe walisema waliikuta imelala pale bila mwenyewe, wakaiokota. Watu waliokuwa wakiilima kabla haijaokotwa walihamishiwa kwenye miraba myeupe, wakapewa majembe ya kukwangulia chumvi, na wakatungiwa sheria kwamba mtu wa mraba mweupe huenda mbele tu, harudi nyuma, asije siku moja akatamani kurudi alikotoka. Sheria hiyo ilipitishwa na watu ambao wenyewe walikwenda mbele, nyuma, kando na mshazari, kadiri walivyojisikia.

Tamalaki haikuwa na mahakama wala sanduku la kura. Ilikuwa na sataranji. Mtu akidai shamba, akitaka kumposa binti wa fulani, akipinga kodi au akiomba kazi, aliwekewa ubao, akakalishwa mbele ya mkubwa anayehusika, na ubao ukaamua. Asiyeruhusiwa kugusa kete alikuwa hana kesi, hana posa, hana lolote. Alipita njiani watu wakampisha kama wanavyopisha jeneza.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana kisa chote kimekaa hapa. Mdogo ndiye anayemwamkia mkubwa, hilo hata kwenu liko. Basi na kwenye ubao wa Tamalaki mdogo hucheza kete nyeupe, na nyeupe ndiyo inayoanza. Mkono wake ukishasukuma kete ya kwanza, mkono huo umeshasema shikamoo, hata kama mdomo umefungwa. Mkubwa hukaa nyuma ya kete nyeusi, akangoja, akaamkiwa, kisha akacheza yake, na huko kucheza kwake ndiko marahaba. Kwa hiyo mwanzo wa mchezo, katika nchi ile, hawakuuita mwanzo wala ufunguzi. Waliuita maamkizi.

Shaha aliyetawala wakati huo ni Tawalani, mtu mwenye shingo nene na sauti laini, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kushika kete nyeupe. Nani angeamkiwa na Shaha? Alikaa miaka yote nyuma ya nyeusi, watu wakamwamkia kwa hofu, wakisukuma askari wa pembeni hatua moja tu, kama mtu anayekohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi, naye akawamaliza bila jasho na kuamini kwamba anajua kucheza. Alikuwa na mashamba, alikuwa na ghala, alikuwa na afya. Ila alikuwa na wivu, na wivu wake haukuwa wa mtu mwenye njaa anayetazama sahani ya mwenzake. Ulikuwa wa mtu aliyeshiba ambaye hawezi kulala kwa sababu jirani naye kapata kijiko. Mwanamke mmoja alisifiwa kwa pilau, Shaha akapiga marufuku pilau kusifiwa. Watu waliishukuru mvua, akaiita Mvua ya Shaha. Daraja lilikuwa la Shaha, hospitali ya Shaha, na hata kikohozi cha msimu wa baridi kiliitwa cha Shaha, mpaka ilipogundulika kwamba watu wanafurahia mno kukitaja wakiwa wanatema. Waziri wake mkuu alikuwa anaitwa Ndivyo. Jina alilopewa na wazazi wake lilisahauliwa zamani, kwa kuwa kila Shaha alipomuuliza jambo, yeye alijibu kwa neno hilo moja.

Kitu kimoja tu kilikuwa na jina la mtu mwingine, nacho ndicho kilichomkosesha Shaha usingizi.

Mwanashumu alikuwa ndugu yake wa kunyonya. Mama yake aliletwa ikulu kutoka mraba mweupe, akiwa na mtoto mchanga mgongoni, kumnyonyesha Tawalani aliyemzidi binti huyo miezi michache, na sharti la kazi lilikuwa kwamba mtoto wa Shaha ananyonya kwanza mpaka ashibe, na wa kwake anapata kitakachobaki. Tawalani alipoachishwa ziwa, mama na binti walirudishwa kwenye chumvi. Huko Mwanashumu akakua, mrefu, mkavu, mwenye maneno machache na majivuno mengi, akijifunza sataranji kwa kete za makaa na mabonge ya chumvi. Na yeye, nisimfiche, alikuwa na kijiba cha roho. Kila alipopita karibu na miraba myeusi alitazama miwa ya kaka yake na kujiambia kwamba yale maziwa yalikuwa yake.

Ndiye aliyevumbua maamkizi mapya. Badala ya kukohoa mlangoni, alimsukuma askari aliyesimama mbele ya shaha wake wa ubaoni hatua mbili nzima, akasimama katikati ya ubao. Mkubwa akijibu kwa askari wa kwake, Mwanashumu alimtoa askari wa pili, yule wa ubavuni mwa shaha, akampeleka hadi mdomoni mwa adui, bila mlinzi, bure, chukua. Zawadi. Mdogo kaja kuamkia na mkononi ana kitu. Na wakubwa wa Tamalaki, ukimwonyesha mmoja wao kitu cha bure, utamjua tu, walichukua wote. Wakishamchukua askari huyo walimng'ang'ania, wakapoteza hatua kumlinda, na huku nyuma farasi na ngome za Mwanashumu zikafunguka na kuwafikia wakiwa bado wanahesabu faida. Kwa maamkizi hayo mkwangua chumvi mmoja alirudishiwa kisima chake, mwingine akafutiwa kodi, na mjane fulani akampata mume aliyekuwa akimtaka yeye mwenyewe. Watu wakayaita Maamkizi ya Mwanashumu, na baada ya muda jina likakatika likawa kitenzi. Kumpa mlafi kitu kidogo ili umpate yeye mzima kukaitwa kushumu. Nimemshumu. Usijaribu kunishumu. Kashumiwa yule, na bado hajui.

Siku Shaha alipolisikia neno hilo alikuwa anapita kwenye machela yake, na wanawake wawili kando ya njia walikuwa wanataniana kuhusu mchumba. Alirudi ikulu hakula. Jina lake lilichongwa kwenye mawe yote ya nchi, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kulifanya kitenzi, na hilo lilimchoma roho kuliko kama angepokonywa shamba. Akamwita Ndivyo, akamwagiza atafute namna. Ndivyo akakaa siku nzima na wataalamu wa lugha, wakalipinda jina la Shaha huku na huku, na kitenzi pekee walichokipata kikawa kutawalana, neno ambalo, walipolitafakari, waliona ni heri lisitoke mle chumbani. Basi Shaha akaamua kwamba kama hawezi kuwa kitenzi, atayachukua yale maamkizi yenyewe.

Mwanashumu aliitwa ikulu mchana. Alifika na vumbi jeupe miguuni, akapiga goti nusu.

"Shikamoo, Kaka Shaha."

"Marahaba. Keti. Nasikia siku hizi umekuwa mtu mkubwa."

"Nani kasema?"

"Watu. Kila ninakopita nakusikia wewe." Shaha alijaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Yale maamkizi nayataka."

"Si uyacheze tu, kaka. Kila mtu anayacheza, hayana mlango wala kufuli."

"Nataka yajulikane kuwa ni yangu. Siku ya Maitikio tutakaa mimi na wewe, Uwanja wa Mawe, watu wote wapo. Nitayacheza mimi, nitakushinda nayo, na tangu hapo yataitwa Maamkizi ya Shaha."

Mwanashumu alikuwa na kinyongo na mtu huyu tangu utotoni, na bado kitu fulani ndani yake kilimhurumia, kama unavyomhurumia mtu anayetembea kwa madaha na nguo imechanika nyuma.

"Ili uyacheze wewe," alisema polepole, "itabidi ushike nyeupe."

"Naam."

"Usishike nyeupe, kaka. Nakuomba. Baki na nyeusi yako, mimi nitaamkia, nitashindwa, halafu tangaza jina unalolitaka."

Maneno haya yalisemwa kwa moyo safi, na nasema hivyo mimi ambaye simpendelei. Lakini mtu mwenye kijicho hudhani dunia nzima inatazama kwa jicho kama lake. Shaha aliegemea mbele.

"Unanionea choyo. Kitu kimoja tu umekipata katika maisha yako, na hicho hutaki nikiguse."

"Sikuonei choyo, nakuonya."

"Tangu zamani uko hivyo. Mama alikuwa akishanilaza anakwenda kukuimbia wewe. Nilikuwa nasikia. Mimi hakuwahi kuniimbia."

"Aliniimbia kwa sababu hakikubaki cha kuninyonyesha."

Ndivyo, aliyekuwa amesimama kando, akatazama dari. Uso ulimvimba Shaha, na aliposema tena sauti ilikuwa laini zaidi.

"Ukishindwa, hutagusa kete tena katika nchi hii. Na usipokuja ni hivyo hivyo."

Mwanashumu akainuka, akapiga goti tena kama desturi ilivyotaka. Huruma ile ndogo ilikuwa imekwisha. Alijua alichokuwa anaendea: akishindwa atakuwa maiti anayetembea, na chumvi yake itakwanguliwa na mwingine. "Nitakuja, Kaka Shaha," akasema, na hakumwonya tena.

Alipoondoka, Shaha alimgeukia waziri wake. "Nyeupe itanipendeza, sivyo?"

"Ndivyo, Shaha," akasema Ndivyo, ingawa yeye alikuwa amekwisha kuiona hatari yote. Angeweza kusema. Lakini neno lingine angelitoa wapi, mtu aliyeishi maisha yake yote kwa moja?

Siku ya Maitikio watu walijaa Uwanja wa Mawe tangu jua halijapanda, wa miraba myeusi kwenye mikeka, wa miraba myeupe kwa miguu. Katikati ubao, huku kiti, na huku kiti. Nyuma ya kiti cha nyeusi ndipo mahali pa Walinzi wa Itiko, wanaume wenye rungu waliofundishwa tangu wadogo kazi moja, kumlinda anayeitikia. Asubuhi hiyo walifika wakasimama pale pale wanaposimama siku zote, wakamwona Mwanashumu anakuja kukaa mbele yao, wakatazamana. Ndivyo akawafanyia ishara ya haraka. Wakauzunguka ubao, rungu begani, wakaenda kusimama nyuma ya Shaha, wakionekana wazi kwamba hapo mahali hapakuwakaa vizuri.

Shaha akatabasamu kwa watu wake. Akanyoosha mkono wenye pete, akamshika askari mweupe aliyesimama mbele ya shaha, akamsukuma hatua mbili.

Hakuna aliyetamka shikamoo, na kila mtu aliisikia. Shaha wa Tamalaki, mwana wa Shaha, mjukuu wa Shaha, mbele ya watu wote, alikuwa amemwamkia binti wa mkwangua chumvi aliye mdogo kwake. Mzee mmoja wa mraba mweusi akafunika uso kwa kofia yake. Na macho ya watu, yote kwa pamoja, yakatoka kwa Shaha yakahamia kwa Mwanashumu, kwa sababu mtu akishaamkia, watu humtazama yule anayetakiwa kuitika.

Hapo ndipo Tawalani alipoelewa. Rangi ilimtoka. Vidole vyake vilirudi kumgusa yule askari, vikataka kumvuta nyuma, lakini askari harudi nyuma. Hiyo ilikuwa sheria ya babu yake mwenyewe.

"Mwanashumu," akasema kwa sauti ya chini, "usicheze. Nitasema naumwa."

"Ukishasema unaumwa, mimi nitakuwa nimeshinda au nimeshindwa?"

Shaha akatazama pembeni, na kwa hilo akawa amejibu. Salamu ikikosa mwitikaji ni tusi, na mchezo ukikosa mchezaji ni ushinde, na ushinde ulikuwa umeshatangazwa bei yake. Mwanashumu alitazama kete zake nyeusi, ambazo hakuwahi kuzigusa maisha yake yote. Zilikuwa nzito kuliko alivyofikiri. Akamchukua askari wake, akamsukuma hatua mbili, akaitikia.

Mtu mmoja nyuma kabisa akavuta pumzi kwa nguvu. Hakuna aliyecheka.

Ukiwa umeshaingia matopeni mpaka magotini, bora uende mbele, na Shaha naye akaenda mbele. Alijiambia kwamba akishinda, watu watasahau. Zamu yake ya pili ilikuwa ya zawadi. Alimshika askari wa ubavuni, akampeleka mdomoni mwa adui, na hapo vidole vyake vikakataa kumwachia. Kuna watu hawajui kutoa. Si kwamba hawataki, mkono haujafundishwa. Aliushikilia ule mti mdogo mweupe, jasho linamtiririka shingoni, mpaka Ndivyo akakohoa, ndipo akamwachia. Mwanashumu akamchukua, akamweka upande wake wa meza, karibu na kiwiko.

Basi. Mchezo wenyewe ukaishia hapo, ingawa kete ziliendelea kutembea. Mwenye maamkizi yale anatakiwa akishatoa asahau, atazame mbele, afungue njia. Tawalani hakusahau. Kila alipoinua macho alimwona askari wake yuko kwenye kiwiko cha yule mwanamke, na roho ikamuuma, na badala ya kumtafuta shaha mweusi akawa anatafuta kulipiza askari kwa askari. Alimtuma farasi amchukue askari mweusi, farasi akanaswa. Alituma ngome imwokoe farasi. Alimpeleka waziri wake wa mti ndani kabisa ya safu za adui kwa ajili ya askari mmoja wa pembeni, na alipoanguka waziri huyo, Ndivyo alipangusa paji la uso kwa mkono wa kanzu. Na pale ubavuni, alipoondoka yule askari wa zawadi, palibaki uwazi ambao hakuwahi kuuziba, shaha wake amesimama nje kama mtu aliyefungiwa mlango.

Ikafika mahali ambapo hata watoto waliobebwa mabegani waliona. Ilibaki hatua moja. Waziri mweusi asogee kidogo tu, na kwisha.

Mwanashumu aliinua mkono, ukafika juu ya kete, ukasimama. Akamtazama kaka yake wa kunyonya, shingo ile nene iliyokuwa ikishiba kwanza. Halafu akaurudisha mkono, akaulaza mapajani. Saa za Tamalaki kwa anayeitikia hazina kikomo. Mkubwa hujibu anapotaka.

Jua likapanda. Watu hawakuondoka. Shaha alikaa, akageuka huku na huku, akatazama ikulu yake kwa mbali, akatazama kiti alichokikalia. Alikuwa anataka kuinuka, na kila mtu alikuwa anaona anataka kuinuka, na kila mtu alijua kwamba aliyeamkia hanyanyuki mbele ya mkubwa bila kuaga na kukubaliwa. Angeinuka hivi hivi angekuwa mtu asiye na adabu, katika nchi aliyoitawala kwa adabu ya wengine. Alilamba midomo.

"Naomba ruhusa niondoke," akasema.

Labda alikusudia kuwa dhihaka. Hivyo ndivyo wanavyosema jamaa zake mpaka leo. Lakini ilitoka kwa sauti ya ombi, tena ndogo, na upepo ulikuwa umetulia, ikasikika mpaka kwa wa mwisho.

Mwanashumu angeweza kusema haya, nenda. Angeweza kucheza ile hatua moja, mchezo ukaisha, kila mtu akarudi kwao, na yeye akabaki na maamkizi yake na kete zake, na hakuna zaidi ya hayo alilolihitaji. Sisi watu wa chumvi tuliokuwa tumesimama pale tulidhani atafanya hivyo. Alimchukua yule askari mweupe kiwikoni, akamgeuzageuza vidoleni.

"Bado, mwanangu," akasema. "Kaa."

Tawalani akakaa. Na wale Walinzi wa Itiko, ambao tangu wadogo walifundishwa kazi moja tu, wakaacha mahali walipokuwa. Hakuna aliyewaamuru. Waliuzunguka ubao polepole, rungu begani, wakapita mbele ya Ndivyo aliyeinamisha kichwa, wakaja kujipanga nyuma ya kiti cha kete nyeusi, na safari hii walisimama kama watu waliofika kwao. Kivuli chao kikamfunika Mwanashumu na ubao wake wote. Aligeuza shingo akawatazama, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho. Tukangoja awaambie waondoke.

Hakuwaambia.